Godavari Kaku Anaondoka Bila Kuuchanganya Mtungi wa Kwanza

Baada ya kazi ya miaka ishirini na sita, Godavari Ingawale atastaafu tarehe 31 Mei kutoka Ushirika wetu wa Chakula wa Pimpalwade. Sote tunamwita Kaku, kama anavyoitwa shangazi wa nyumbani, na hata mwenyekiti wetu, dada Pramila, humwita hivyo ingawa umri wao unalingana. Nimeombwa niandike habari zake katika jarida hili la kiangazi kwa sababu nimeolewa juzi na, wanavyosema wenzangu, nina furaha ya kugawa. Ninayo kweli. Ila leo imechanganyika na majuto, nami sitaweza kuyaficha.

Kaku alikuja hapa akiwa na miaka thelathini na mbili, amemshika mkono binti yake mdogo, Surekha. Mumewe, dereva wa trekta la kubeba miwa, alikuwa amefariki mwaka huohuo. Alipewa kazi ya kukata embe mbichi za achari, akawa anakaa siku nzima mbele ya kile kisu kikubwa kilichopigiliwa kwenye ubao. Baadaye akakabidhiwa viungo: haradali, uwatu, mvuje na manjano. Anayekula achari ya Pimpalwade anakula mkono wake.

Mwezi wa Aprili alikuwa mlinzi wa paa, tunakoanika papadi, vile vikaki vyembamba vya dengu, na tambi za ngano. Kunguru walimjua. Mwaka mmoja alikuja mkaguzi, bwana mwenye viatu vinavyong'aa, akapita katikati ya papadi kama anayekatiza uwanja wa mpira.

"Bwana mkubwa," Kaku akamwambia, "hapo uliposimama ni chakula cha watu. Vua viatu au ruka."

Bwana akaruka, akatua kwenye tambi. Kaku akazikusanya, akazifunga vizuri kwenye gazeti, akampa. "Hizi sasa ni zako. Mkeo azioshe kwanza."

Na ndiye aliyetuunganisha mimi na Tushar wangu. Tushar alikuwa akija dukani kununua achari, mimi nikiwa kwenye mizani, nami nilikuwa siwezi kumtazama usoni bila kumwaga kitu. Kaku akaanza kumpimia yeye mwenyewe, polepole ajabu, huku akinituma nisimame karibu nishike mfuniko. Siku moja akamuuliza, "Kijana, kwenu mko wangapi? Achari kilo nne kwa mwezi, mtaugua matumbo. Sema unachotaka kusema, nina wateja." Tushar akasema. Sasa kila asubuhi ninapommiminia chai mume wangu na bangili zangu za kijani za bibi harusi zinalia, namkumbuka Kaku na ule upole wake wa kupima.

Ndiyo maana jambo la mtungi limeniuma hivi.

Wanachama wote wanaujua mtungi wa kwanza. Katikati ya Mei, embe zikishakatwa na mafuta yakishapoa, bibi harusi mpya kuliko wote huketishwa kwenye kibao, hupakwa unga mwekundu kwenye paji la uso, hulishwa sukari, kisha huingiza mkono na kuuchanganya mtungi wa kwanza wa mwaka. Lazima awe mwanamke mwenye mume hai. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote na hakuna aliyewahi kuihoji. Kaku alikuwa akipima viungo vya mtungi huo, akichemsha mafuta yake, halafu anakwenda kukaa mlangoni, ametupa mgongo, mpaka mtungi ufungwe kitambaa. Kisha anarudi na kuichanganya mitungi mingine yote. Kila kiangazi alifanya hivyo, nasi tukaona ni sawa kwa kuwa hakulalamika.

Mwaka huu zamu ilikuwa yangu. Nikamwendea dada Pramila, nikamwomba mtungi huu wa mwisho wa Kaku tumwachie yeye. Nilisema niliolewa kwa mkono wake, basi na bahati yangu nimpe nusu.

Dada Pramila alikubali papo hapo, lakini akataka wenzetu wakubali pia. Tukakaa vikao. Ratnamala wa kitengo cha papadi akasema, "Mimi sina neno naye, nampenda. Lakini ukiota ukungu? Watu watasema ni yeye. Mnataka aondoke na lawama?"

"Embe zikioza ni kwa sababu ya mvua," akajibu dada Pramila. "Tangu lini mvua inauliza nani ana mume?"

"Waambie wateja hayo, dada, siyo mimi."

Tulizungushana hivyo karibu wiki tatu. Mwishowe hata Ratnamala alilegea, akasema basi, yeye mwenyewe atapaka ule unga mwekundu. Tukafurahi sana. Tukaapa kulifanya siri, Kaku ashtukizwe siku yenyewe. Ilikuwa siri ya watu wote isipokuwa mwenye shughuli, na hatukukumbuka kwamba chumba cha vikao na chumba cha kusagia vinatenganishwa na pazia.

Siku ilipofika, Kaku aliweka sinia la viungo karibu na mtungi, akageuka kwenda mlangoni kama kawaida. Dada Pramila akamshika bega. "Kaku, kaa hapa. Leo ni wewe."

Kaku hakukaa. Alijifuta mikono taratibu, akatutazama mmoja mmoja, bila hasira.

"Mwaka ule nilipofika ningekaa," akasema. "Nilikuwa kijana, nililitaka jambo hili mpaka nikalia nyumbani. Hamkuniita. Sasa mmeniita baada ya kubishana wiki tatu kama mkono wangu utaozesha embe. Nilikuwa nasaga haradali pale, jamani, nimesikia yote."

Ratnamala alianza kulia. "Kaku, nisamehe, mimi ni mjinga."

"Wewe ni mwoga tu, Ratna. Ujinga ni kupiga kelele kando ya pazia." Wawili watatu wakacheka. Halafu akanigeukia mimi. "Ketaki, kaa wewe, mwanangu. Hii ni furaha yako, usiipe nusu mtu yeyote. Kunja sari, mafuta hayatoki."

Nikakaa. Nilichanganya huku machozi yakinidondoka, na dada Pramila akinifuta haraka yasiingie mtungini. Kaku alikuwa mlangoni, ametupa mgongo, kama miaka yote.

Jioni ile wanachama walikaa tena, safari hii kikao hakikufika nusu saa. Kuanzia mwaka ujao, atakayeingia wa kwanza kazini siku ya embe ndiye atakayeuchanganya mtungi wa kwanza, awe bibi harusi, mjane au msichana. Miaka yote hii aliyekuwa akiingia wa kwanza ni Kaku. Uamuzi wetu ni mzuri na umechelewa, na hilo hatuna la kulifanya.

Kaku anahamia Kolhapur kwa Surekha, ambaye sasa ana watoto wawili, na mkwe wake wa kiume tayari ametenga sehemu ya paa kwa ajili ya papadi. Kunguru wa huko wajiandae.

Asante, Kaku, kwa kila mtungi ulioujaza na kwa kila kijana uliyempimia polepole. Tunakuombea siku tulivu, afya njema na wajukuu wanaokula vizuri. Basi la kwanza kutoka Kolhapur hufika kabla duka halijafunguliwa. Tushar atakupokea kituoni. Mtungi wa kwanza wa mwaka kesho hatutaugusa kabla hujafika. Ukikataa tena, tutakaa na embe zetu mpaka ziive.