Mlango wa Kijani, Nyumba ya Tatu

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

TARISHI: Mimi mdogo wako. Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba. Mbona unahema kama umefukuzwa na nyuki?

TARISHI: Ngazi za mahakama. Nadhani usiku zinazaana—

DADA: Usianze. Sema shida yako.

TARISHI: Kijino hajambo?

DADA: Mjukuu wangu hajambo. Pengo limeanza kuota jino. Anarudiarudia ushahidi atakaoutoa Jumatatu, alivyomwona yule tajiri akimwaga petroli ghalani na mlinzi yumo ndani. Nimemwambia amwekee hakimu. (mkwaruzo) Haloo?

TARISHI: Nipo. Mlango umeufunga?

DADA: Saa nane mchana?

TARISHI: Ufunge kwanza, dada.

(komeo linalia)

DADA: Umefanya nini?

TARISHI: Ile hati ya wito niliyomletea Kijino... Nikishaifikisha, sharti niandike nyuma ya nakala inayobaki mahakamani nilivyofika. Wenzangu huandika “imepokelewa”, basi. Mimi—

DADA: Wewe huandika riwaya.

TARISHI: Hakimu aliwahi kunisifu, eti kwa maelezo yangu hata kipofu angefika. Basi nikaandika. Ushuke penye tangi la maji, umpite kinyozi mwenye kengeza, nyumba ya tatu, mlango wa kijani, mbwa kibogoyo...

DADA: Mungu wangu.

TARISHI: Ilitakiwa iingie kwenye bahasha, ifungwe kwa lakiri. Akaja bwana mmoja mezani, anacheka hadithi zangu mpaka machozi. Nikampa ile ya mamba aliyekataa kutia saini. Nikaenda kumletea chai. Kurudi, hayupo. Hati imegeuzwa.

DADA: Bwana gani?

TARISHI: Mcheshi tu, kavaa vizuri.

DADA: Nimekuuliza.

TARISHI: Askari wa getini kaniambia sasa hivi. Shemeji yake yule tajiri.

DADA: Hiyo ilikuwa saa ngapi?

TARISHI: Jana. Asubuhi.

DADA: Jana. Na unapiga leo.

TARISHI: Nilijiambia ni upepo umeigeuza.

DADA: Upepo gani, na chumba chenu hakina dirisha?

TARISHI: Najua, dada. Usiku kucha nimeutafuta huo upepo.

(mbwa anabweka kwa mbali)

DADA: Subiri... Kuna watu wawili kwa kinyozi. Mmoja kashika karatasi, anaangalia milango. Kijino, vaa ndara. Hapana, acha daftari. Pitia uani, uruke ukuta, uingie kwa—

TARISHI: Kwa nani?

DADA: Wewe hulijui hilo, wala hutalijua.

TARISHI: Nimestahili. Nifanye nini?

DADA: Panda ngazi zako. Umwambie hakimu alete askari, na umwambie kwa nini.

TARISHI: Imebaki miezi miwili nistaafu. Watanifukuza.

DADA: Watakufukuza.

TARISHI: Naenda. Niko ngazi ya kwanza... Dada, salio linaisha. Mwambie Kijino babu yake—

DADA: Utamwambia mwenyewe Jumatatu, akifika.

TARISHI: Na hakimu nimwanzie wapi?

DADA: “Nimekosa.” Halafu nyumba ilipo. Basi.

TARISHI: Hivyo tu?

DADA: Usilipambe kosa, mdogo wangu. Mara hii usilipa—

(simu imekatika)

TARISHI: Nimekosa. Haloo? Dada? Nimekosa.