Kiwiko cha Calvince

Gari lilikuwa limeshaondoka Kiptere mama mmoja alipolisimamisha, akaingia na kikapu chake cha kuchumia chai. Akamtazama kijana aliyekaa kando yangu. "Wewe si Calvince, yule mrushaji wa kriketi?"

"Ndiye mimi, mama. Lakini nimefungiwa kucheza. Waamuzi wanasema nakunja kiwiko nikirusha, na kriketi hairuhusu."

"Si umekua ukitupa majani ya chai kikapuni nyuma ya bega? Mkono utanyooka saa ngapi?"

Calvince akacheka. Mimi nikatazama kiwiko changu cha msomi wa chuo kikuu, kilichonyooka bure.

"Siku hizi mkono umenyooka, mama. Bado kupimwa tu. Leo ni fainali, na kocha anataka nirushe, ati hakuna atakayejua. Lakini niliahidi kungoja kipimo."

"Na mkichapwa?"

"Tutachapwa."

Gari likasimama uwanjani. Wenzake wakamrushia mpira. Akaudaka, akakaa nao kidogo vidoleni, kisha akaukabidhi kwa kocha na kuinua jerikeni la maji ya kuwapelekea wachezaji.