Madirisha Kumi na Manne Yaliyogeuzwa

Sifa zimrudie Bwana, ndugu zangu! Nawasalimu nyote, na ninyi mliochelewa mkasingizia basi nawasalimu pia, maana hata mimi nimekuja na basi hilohilo.

Mimi ni Baba Neema. Wengi mnanijua kama yule anayepanga viti hapa ukumbini. Lakini kazi inayonilisha ni madirisha. Kiwanda chetu ni kidogo, kiko huku Hounslow, hapahapa Landani, nyuma ya maghala, na ndege zinapita juu yetu mpaka tunaacha kuongea, tunangoja zipite, tunaendelea. Tunatengeneza madirisha ya plastiki ya vioo viwili, na sasa hata ya vioo vitatu. Mimi naenda kwa mteja, napima, nachora, kisha mchoro unakwenda mezani kwa wanaounda. Kabla ya hapo nilipakua mizigo uwanja wa ndege kwa miaka mingi, mgongo wangu unaikumbuka. Kwa hiyo kazi hii nilipoipata niliing'ang'ania kwa mikono na meno.

Ndugu zangu, nilikuwa mfungwa. Si wa pombe, wala si wa kamari. Nilifungwa na habari. Kila asubuhi kwenye basi nilikuwa nafungua simu kusoma habari za viwanda vya madirisha na kule vinakoelekea. Bei ya vioo imepanda. Nyumba mpya zinajengwa chache. Kiwanda fulani kimenunua mashine inayofanya kazi ya watu wengi. Kingine kimefunga. Nikifika kazini wenzangu wananipokea, "Haya, leo nani amefunga?" Nami nawaambia! Nilikuwa nawaharibia watu chai kila siku, nikijiona ninawasaidia.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mama Neema anatoka zamu ya kutunza wazee, amechoka, anataka tu kuweka miguu juu ya kochi, mimi namsomea taabu za kampuni asiyoijua. Kuomba niliomba, ndiyo, lakini nikisema amina mkono uko kwenye simu.

Sasa sikilizeni jinsi woga unavyomfikisha mtu pabaya. Tulipata oda ya nyumba ya wazee, madirisha kumi na manne ya ghorofa ya chini, yote ya kipimo kimoja. Kila dirisha lina nusu mbili: nusu moja haifunguki, nusu nyingine inafunguka kwa nje. Nje ya ukuta ule kuna njia ya viti vya magurudumu inayoelekea mlango wa dharura. Msimamizi wa pale akanionyesha kwa kidole upande anaotaka yafungukie, ili dirisha likiwa wazi, mzee anayeelekea mlangoni alisukume tu lifunge, lisimzibie njia.

Katika kazi yetu dirisha linachorwa likitazamwa kutoka nje, kama anavyoliona mpita njia. Kulia ni kulia kwa mtu aliye nje. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anafundishwa hilo. Siku ile ilikuwa mvua, nikapima nikiwa ndani, nikachora vile nilivyoona nikiwa ndani. Si dhambi, ninafanya hivyo mara nyingi, halafu nikifika ofisini nageuza mchoro. Lakini nilipoketi tu, nikafungua simu. Kiwanda kama chetu kimefunga, wafanyakazi wameambiwa wakiwa getini. Nikasoma mpaka mwisho, nikasoma na maoni ya watu chini. Nikapeleka mchoro mezani bila kuugeuza.

Jumanne ya wiki iliyofuata napita na kikombe changu, nakuta madirisha yote kumi na manne yameegeshwa ukutani, safi, yanangoja lori la Alhamisi. Nikayatazama. Yote yalikuwa yanafungukia upande usiofaa, yote yangemzibia mzee njia.

Anayefunga bawaba na kuweka vile vipande vinavyofunguka ni Mama Esperance. Mnamwona pale, safu ya tatu, mwenye kitambaa cha kijani. Ametoka Bukavu, kule Kongo, na tangu aanze kazi pale sijawahi kumsikia akilalamikiwa. Ndugu zangu, nawaambia mbele zake. Nilikwenda ofisini nikachora upya, sasa sawasawa, nikachapisha karatasi yenye tarehe ya zamani. Ningeiweka mezani kwake, ile ya kwanza niiondoe, na kila mtu angesema Mama Esperance alisoma vibaya. Mimi mpimaji nabaki. Yeye ajijue. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, mimi ninayewapangia viti.

Karatasi ikiwa mfukoni, ikapigwa kengele ya chai. Tukakaa. Mama Esperance ana desturi ya kuombea chakula kwa sauti, hata kama ni biskuti mbili. Siku ile akaomba, kisha akaongeza, "Na huyu ndugu yetu, Bwana, umutoe woga. Habari zake zinamukula." Wenzangu wakacheka. Mimi nilihisi ile karatasi inanichoma paja.

Nikaenda stoo ya vioo. Nikasimama katikati ya vioo virefu, na kila upande ninaojaribu kugeukia najiona mwenyewe. Nikalia. Nikasema, Bwana, nikipoteza kazi nimepoteza kazi, lakini usiniache niwe mtu huyu. Sikusikia sauti. Sikuona nuru. Nilichokipata ni nguvu ya kutembea, na mara nyingi hiyo tu ndiyo tunayohitaji. Nikaichana karatasi, nikaitupa kwenye pipa, nikapanda ngazi kwenda kwa tajiri.

Tajiri wetu ni Bwana Harish, mzaliwa wa Kisumu, anakaa Tooting, na akikasirika huwa anaacha Kiingereza na kurudi kwenye Kiswahili. Nikamwambia yote kuhusu mchoro. Akavua miwani.

"Mangapi?"

"Yote kumi na manne."

Akaifuta miwani kwa shati, nami nikaanza kupanga moyoni jinsi nitakavyomwambia mke wangu. Kisha akasema, "Leo ni Jumanne. Kama ungeniambia Ijumaa, yakiwa yameshafungwa kule kwa wazee, ningekufukuza na bado nisingepona. Twende chini."

Akamwita Mama Esperance. Mama huyu akaliinamia dirisha la kwanza, akapima kwa viganja vyake kutoka nguzo ya katikati mpaka pande zote mbili. Akainuka anatabasamu. Nguzo ilikuwa katikati kabisa! Nusu zote mbili zilikuwa sawa. Kwa hiyo kipande kinachofunguka kingeweza kuhamishwa upande wa pili, na yale matundu ya skrubu yaliyobaki yangezibwa na kufichwa chini ya kioo. Fremu haikatwi wala haitupwi.

Tulifanya kazi hiyo Jumatano nzima, yeye, mimi, na Bwana Harish mwenyewe amekunja mikono ya shati. Alhamisi lori liliondoka na madirisha kumi na manne yaliyo sawa. Nimekwenda kuyaona. Wazee wanapita. Bwana ni mwema!

Sitawadanganya kuhusu kesho ya kiwanda. Bwana Harish anasema nyumba nyingi hapa Landani zinavuja joto, watu watataka vioo vitatu, kazi ipo. Huenda. Huenda na mashine ikaja. Mimi habari nasoma bado, mara moja kwa wiki, baada ya kula, na wenzangu wanakunywa chai yao kwa amani. Lakini ule woga umeondoka. Nalala! Mke wangu ni shahidi, anasema sasa tatizo ni kukoroma.

Niliungama kwa tajiri kuhusu mchoro. Ile karatasi ya uongo sikuitaja. Ijumaa iliyopita nikaona siwezi kusimama hapa nikiwa na siri hiyo. Nikamfuata Mama Esperance kituo cha basi, nikamweleza kila kitu.

Akaniambia, "Ile karatasi niliionaka siku ile ile, ndani ya pipa, na tarehe yake ya zamani. Nilikuwa nangoya wewe mwenyewe useme."

Siku ile ile, ndugu zangu. Yaani Jumatano nzima alinisaidia kuhamisha madirisha yale, akinishikia fremu, akiniimbia nyimbo za kwao, naye anajua nilichotaka kumfanyia.

Kama kuna mtu hapa ana kitu mfukoni, asingoje Ijumaa. Aje, tuombe pamoja. Mama Esperance, mama yangu, simama tumshukuru Mungu na wewe.