Dagaa Zangu Siyo za Kuku

Haya, nimesimama. Wanakikundi wenzangu, mnanijua: nauzaga dagaa hapa Iringo, na wateja wangu wakubwa wako Bunda. Mwaka jana ilibaki kidogo niwapoteze wote, kisa kijana mmoja aliyejiita mtaalamu wa video fupi. Jina lake silitaji, hana hadhi ya kutajwa mbele ya watu wazima.

Alikuja na miwani ya jua, ndani ya nyumba! Akasema, "Mama, mtandaoni watu hawanunui dagaa, wananunua hisia." Hisia! Ndugu zangu, nawaambia, hisia haziungwi na nyanya. Lakini nilimsikiliza. Akanipaka poda, akanichezesha mbele ya magunia, akaweka muziki, halafu akabonyeza rangi fulani kwenye simu mpaka dagaa zikawa njano, zinang'aa kama dhahabu ya Buhemba. Tukatuma.

Mmeshaanza kucheka, mmeshajua. Dagaa ya njano ni ipi? Si ile iliyonyeshewa ikiwa bado chanjani inakauka, ile tunayowauzia wafuga kuku! Simu zikaanza: "Mama, hizo za kuku unauzaje?" Mama lishe wa Bunda, mteja wangu wa miaka yote, akahamia kwa mwingine bila kuaga. Magunia yakabaki yananitazama. Niliumia, sifichi. Nikampigia mtaalamu, akaniambia nicheze zaidi.

Nicheze zaidi! Hapo hasira ikanipanda. Nikashika simu mkono mmoja, nikajirekodi mwenyewe, sina poda, nina kilemba changu cha jikoni. Nikachota dagaa, nikazivunja karibu na simu: kah! kah! "Sikieni nyie. Ya kuku inaliaga hivi?" Nikatafuna moja. "Mchanga uko wapi?" Nikatuma hivyo hivyo. Video yenyewe haikufika hata nusu dakika.

Kesho yake yule mama lishe alipiga mwenyewe: "Dada, nimesikia zinalia. Niletee." Wengine wakamfuata. Na mtaalamu? Nasikia anawaonyesha wanafunzi wake video hiyo, anasema ni kazi yake. Aibu hanaga.

Nawashukuru nyinyi mlionunua wakati hakuna anayenunua, na wifi yangu aliyeninyang'anya simu nilipotaka kuifuta ile video ya hasira. Somo langu ni hili: mteja akifika mezani anafanyaga nini kwanza? Anavunja, anaonja. Rekodi hicho, kiwe cha kwanza kabisa kuonekana, ukimaliza nyamaza. Aliyeshika simu ana jiko limewaka na watoto wanamngoja. Viuno vyetu vya kazi gani? Mwonyeshe mboga.