Mama Ramani, Aliyeuza Kazi Yetu Ng'ambo

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, familia imenipa mimi, mdogo wake anayemfuata, heshima ya kuwasomea maisha ya dada yetu. Mwenyewe aliniagiza akiwa bado ana nguvu: "Usome kwa sauti, usilielie, na usinifanye malaika." Nitajitahidi, ingawa hilo la katikati siliahidi.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano. Baba yetu alikuwa seremala wa reli na mama yetu alikuwa mshonaji. Akiwa na miaka sita alichukua mkaa akaichora nyumba yetu yote kwenye ukuta wa sebule, ukuta ambao mama alikuwa ameupaka chokaa juma hilo hilo. Mama alikwenda kutafuta fimbo. Baba, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, alisimama akautazama ule ukuta, akasema, "Mke wangu, hebu ngoja. Mtoto ameweka mlango pale pale ulipo." Fimbo ilirudi uani. Ukuta haukupakwa tena mpaka tulipohama.

Alisoma shule ya msingi ya reli, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, na mwaka 1972 akachaguliwa kujiunga na chuo cha ufundi kusomea uchoraji wa ramani za majengo. Darasani alikuwa msichana peke yake. Siku ya kwanza mwalimu alimwambia kwa upole kwamba akichoka, darasa la upishi liko jengo la pili. "Nikichoka nitakaa, mwalimu," alimjibu. Kwa kuwa meza za kuchorea zilikuwa ndefu kwenda juu, viti havikuwepo na wote walichora wamesimama, darasa zima liliangua kicheko, na mwalimu naye akacheka. Mwalimu huyo ndiye aliyemwandikia barua ya kumpendekeza kazini alipohitimu.

Julai 1975 aliajiriwa Idara ya Ujenzi. Alichora shule, zahanati, masoko na ofisi za posta. Hapo ndipo alipokutana na shemeji yetu, wakati huo mwalimu kijana aliyetumwa na mkuu wake kufuatilia ramani ya vyoo vya shule. Ramani ilikuwa imekwisha juma lililotangulia, lakini mwalimu aliendelea kuifuatilia karibu mwezi mzima. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Aprili 1979, na shemeji hakuacha kuwaambia wageni kwamba mapenzi yao yalianzia chooni. Dada alikuwa akimkanyaga mguu chini ya meza, naye akiendelea tu. Walijaliwa watoto watatu. Shemeji alipika, akafua, akasimamia masomo ya watoto miaka yote ambayo mkewe alikuwa akichelewa kazini, na hakuna aliyemsikia akinung'unika. Dada alisema mara nyingi kwamba bila mwalimu huyu, ofisi yake isingekuwepo.

Ofisi yenyewe ilizaliwa kwa shida. Mwaka 1994 serikali ilipunguza wafanyakazi, na jina la dada likawa miongoni mwa waliopunguzwa. Alikaa nyumbani siku chache, akapanga upya kabati zote, mpaka shemeji akamwambia, "Mama, kabati zimekwisha. Sasa utapanga nini?" Februari 1995 akakodi chumba juu ya duka la viatu, akaingia na wenzake wawili aliofukuzwa nao, meza tatu na kompyuta moja waliyopokezana. Kazi zilikuwa chache. Nchi nzima ilikuwa haijengi.

Miaka mitatu baadaye alikuja mhandisi wa ng'ambo kusimamia daraja jipya. Sisi tulimwita Bwana Daraja. Alihitaji mtu wa kumsahihishia michoro haraka, akaelekezwa juu ya duka la viatu. Kazi ilipokwisha alisema kwamba ofisini kwao wachoraji hawatoshi na majengo yanangoja. Dada akamuuliza swali ambalo naamini ndilo lililobadili maisha yake na ya wengi mliopo hapa: "Kwani ni lazima mchoraji awe kwenu?"

Ndivyo alivyoanza kuuza kazi nje. Michoro ya kwanza ilisafirishwa kwa ndege ikiwa imeviringishwa. Ofisa wa forodha aliitazama akataka kujua ni bidhaa gani na ina uzito gani.

"Ni huduma, baba," dada akamwambia. "Ninachouza ni kazi. Haina uzito."

"Mama, hapa kila kinachotoka kina uzito."

"Basi andika unavyoona."

Ofisa akaiweka kwenye mizani, akaandika nusu kilo. Dada alirudi ofisini akiwatangazia wenzake, "Jamani, leo taifa limeuza nje nusu kilo ya akili."

Walicheka, lakini jambo hilo lilimkaa moyoni. Aliwaona vijana wenye vyeti vizuri wakipanga foleni kwenye balozi, na akiwatazama alisema, "Si lazima wote wapande ndege. Kazi yao ndiyo ipande." Akaanza kuwachukua wahitimu. Alimlipa mwalimu wa lugha awafundishe jioni, maana mchoro mzuri usiojua kujieleza hurudishwa. Alinunua jenereta kabla ya kununua gari. Mchelewaji alimfundisha kwamba saa tatu ya mteja haijui foleni ya barabarani kwetu. Kufikia mwaka 2010 walikuwa watu arobaini, ghorofa nzima, na wateja katika nchi nne.

Mwaka huo ndipo lilipotokea jaribu kubwa. Walikuwa wakichora hospitali ya watoto kwa ofisi ya Bwana Daraja, kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupewa, na ilitakiwa Ijumaa. Jumatatu ya juma hilo hilo waya wa intaneti unaopita chini ya bahari ulikatika. Nchi nzima ikawa kimya. Simu pekee ndiyo iliyofanya kazi, tena kwa kukatakata. Bwana Daraja alipiga akasema anasikitika sana, anaelewa si kosa lao, lakini itabidi kazi apewe mwingine. Nilikuwepo. Niliona vijana wameacha kuchora, wote wanamtazama yeye. Kila mmoja alijua kwamba kazi hiyo ikiondoka, nusu yao wataondoka nayo, na wateja wengine watasema nchi hii haitegemeki.

"Usinipe pole," dada alimwambia kwenye simu. "Nipe mpaka Ijumaa."

Alikata simu, akanigeukia. Mimi wakati huo nilikuwa na basi dogo la kukodisha. "Mdogo wangu, basi lako zima?"

"Zima."

"Lina mafuta?"

"Ya kwenda wapi?"

"Kwa jirani. Wao intaneti wanayo."

Tuliondoka asubuhi yake, wachoraji kumi na wawili, kompyuta zimefungwa kwenye mablanketi na kushikwa mapajani kama watoto wachanga. Mpakani ofisa alitaka kuzitoza ushuru kompyuta zote. Dada hakupandisha sauti. Alimweleza kwamba mashine zinakwenda na zitarudi, kama walivyo wenyewe, na akaomba kibali cha muda. Ofisa akasema hajawahi kutoa kibali cha namna hiyo. "Basi leo ni siku yako ya kwanza," dada akamjibu, akakaa kwenye benchi, akatoa penseli, akaendelea na mchoro wa wodi. Ilipofika alasiri yule ofisa, nadhani kwa kuchoka kumwona, aliwapigia wakubwa wake, na kibali kikatoka.

Tulipanga kwenye nyumba ya wageni ambayo mwenyewe alikubali kutuachia ukumbi wa kulia chakula. Walichora kwa zamu, wakilala kwa zamu. Ijumaa mchana ukurasa wa mwisho ulitumwa, na baada ya muda mfupi simu ikalia.

"Intaneti yenu imerudi?" Bwana Daraja aliuliza.

"Bado."

"Sasa mmetuma vipi?"

"Tumeifuata iliko."

Upande wa pili tukasikia watu wakipiga makofi. Hakuna aliyepoteza kazi. Mwaka uliofuata wateja walikuwa sita.

Dada hakuridhika na kusifiwa. Alisema ushujaa wa namna ile ni aibu ikiwa utahitajika mara mbili. Aliwakusanya wenzake waliokuwa wakiuza huduma nje, waandishi wa programu, wahasibu, wafasiri, watafiti wa sheria, wakaunda chama, na wakaanza kugonga milango. Wizara ya Biashara ilikuwa na dawati la kahawa, dawati la ngozi na dawati la madini. La huduma halikuwepo. Mwaka 2012 likawekwa: meza moja, kiti kimoja, ofisa mmoja. Dada aliwapelekea kiti cha pili na kikaratasi: "Na mteja atakaa wapi?" Ofisa huyo leo yuko hapa nasi, na amenidokeza kwamba dawati lile sasa ni idara.

Lakini vita vyake virefu vilikuwa vya sahihi. Sheria za nchi za wateja hazikuwatambua wahandisi wetu, kwa hiyo kazi iliyofanywa hapa ilitiwa sahihi kule, na jina la kule ndilo lililobaki kwenye kona ya mchoro. Kwa miaka saba alikwenda na kurudi kwa bodi ya wahandisi, wizarani, chuoni, mpaka mitaala ikarekebishwa na nchi mbili zikakubali kutambua vyeti vyetu. Septemba 2017 mchoro wa kwanza ulitoka ukiwa na sahihi ya mhandisi wetu, binti aliyeingia ofisini kwa dada kama mwanafunzi wa mafunzo kazini. Binti alitia sahihi. Dada aliutazama mchoro kwa muda mrefu, kisha akatoka kwenda kusimama kwenye ngazi peke yake. Aliporudi alisema vumbi limemwingia machoni. Ofisi ile hupigwa deki mara mbili kwa siku.

Mwaka 2018 alisafiri na mumewe kwenda kuiona ile hospitali ya watoto. Walipokuwa wakitembea kwenye ukumbi, mlinzi aliwauliza wana mgonjwa wodi gani. "Hatuna mgonjwa," dada alimjibu. "Nimekuja kuona milango." Shemeji anasema aligusa kila mlango wa ghorofa ya kwanza, na mama mmoja aliyekuwa akisukuma kitanda cha mwanawe akapita katikati yao, kitanda kikapita vizuri bila kugusa ukuta. Dada alimshika mumewe mkono mpaka walipofika nje.

Alianza kuugua moyo mwishoni mwa mwaka 2021. Daktari alipomwonyesha picha ya moyo wake, aliuliza imechorwa kwa kipimo gani. Daktari akamweleza kwamba moyo umepanuka. "Basi umepanuka bila kibali," alisema, na daktari alicheka mpaka akavua miwani. Alitibiwa kwa uangalifu, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote. Mwaka jana aliwakabidhi ofisi vijana wake. Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, asubuhi, akiwa nyumbani kwake, mumewe akimsomea gazeti, alifumba macho akiwa na umri wa miaka sabini. Shemeji aliimalizia habari ile kwa sauti kabla ya kuita watu.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, na ndugu watatu tulio hai. Ameacha wafanyakazi zaidi ya mia moja waliomwita Mama Ramani, na katika nchi ambazo hawajui jina lake, madarasa ambamo watoto wanasoma na wodi ambamo wagonjwa wanapona. Leo ofisi imefungwa kwa heshima yake. Kesho saa mbili asubuhi, kwa agizo lake mwenyewe, itafunguliwa.

Dada yetu, tunajivuna kwamba ulikuwa wetu. Mungu akupe pumziko la amani.