Supu ya Saa Nne

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka magoti yenu yaguse kitanda, maana sauti yangu siku hizi haivuki hata shuka. Saa moja nimemeza kidonge kwa maji matupu, nikakaa saa nzima bila kutia kitu kinywani, ndipo binti yangu akanilisha papai lililopondwa na uji mzito, na sasa ulimi umefunguka. Mnanijua nilivyo: nina saa mbili, ikizidi sana na nusu, kabla dawa haijaniaga na mwili huu kurudi kuwa gogo. Kwa hiyo msinikatize, wala msiniambie "pumzika, baba", kwa sababu kupumzika kwenyewe ndiko ninakokwenda. Nawe, kitinda mimba, zima hiyo simu. Wateja wa nyama hawafi wakisubiri. Anayekufa ni mimi.

Mali yangu mnaijua, haina pembe za kujificha. Bucha ni la kitinda mimba, pamoja na visu, gogo na mizani, na mizani ile, mwanangu, usiitie kidole, maana miaka arobaini mimi sikuitia, na huenda ndicho kitu pekee nitakachokwenda nacho mbele za Mungu nikiwa nimeinua uso. Nyumba ni ya binti yangu, aliyeiacha cherehani yake ishike vumbi ili anigeuze kitandani asubuhi na jioni, na asitokee wa kumwambia kuwa mtoto wa kike hana fungu. Kile kipande cha bustani nyuma ya jiko, chenye matuta ya mchicha na ule mpapai, si chenu. Nitawaambia ni cha nani. Na wewe kifungua mimba wangu, seremala, usitazame chini. Wewe sikuachii kitu, nakuachia kazi, na kazi yenyewe nitaitaja mwisho, Mungu akinipa pumzi.

Sasa sikilizeni lililonifanya niwaite. Nina deni, na si la fedha. Lingekuwa la fedha ningeuza gogo nilale usingizi.

Mama yenu alipoanza kutetemeka mkono wa kushoto tulidhani ni uchovu. Hospitali wakasema ni Pakinsoni, ugonjwa usioponywa ila hutulizwa, wakampa vidonge. Mimi niliwaza kama mchinjaji: mtu akidhoofika, mpe nyama. Lakini nyumbani humu alikuwemo aliyejua kuliko mimi, naye ni mkwe wangu, mke wa seremala huyu, mpishi katika jiko la hospitali ile ile. Alikwenda kumuuliza mtaalamu wao wa chakula, akarudi, akachana karatasi ya daftari, akaandika saa. Kidonge na maji, kisha kusubiri. Mchana kutwa viazi, uji, mboga za majani, maboga, matunda, na maji kwa wingi, kwa kuwa tumbo la mama yenu lilikuwa likifunga hata siku sita. Nyama, samaki, mayai na maziwa, vyote vingoje jioni, tena kidogo.

Nikamuuliza, "Na maharage je? Au hayo, kwa kuwa si nyama, umeyasamehe?"

Akacheka. "Hata maharage yanangoja jioni, baba, nayo yana nguvu ya nyama. Mimi sina ugomvi na nyama. Kidonge na nyama vinapita mlango mmoja, na nyama ina mabavu. Ikitangulia, kidonge kinabaki nje kinapiga hodi."

Kuambiwa na mtoto wa juzi kwamba nyama ina mabavu, mimi niliyezeeka nayo! Nikampa jina, mnalikumbuka, nikamwita Majani. "Majani, leo umetupikia sisi au mbuzi?" Naye anajibu huku akipakua, "Mbuzi hawalalamiki, baba, ndiyo maana nawapenda." Mlicheka nyote, hata mama yenu alicheka kwa uso ule uliokuwa umeanza kukakamaa. Lakini mzaha wangu ulikuwa na mwiba ndani.

Na karatasi ile ilifanya kazi. Siku zile sikusema, nasema leo. Mwezi wa pili mama yenu alifunga vifungo vya blauzi yake bila kusaidiwa. Alikaa kwenye kigoda akamenya kiazi, ganda likatoka refu bila kukatika, akaliinua juu kunionyesha kama msichana mdogo. Mimi nikaona nini? Niliona mashavu yamepungua. Niliona wateja wakinong'ona kwamba mke wa mwenye bucha analishwa mchicha. Hapo ndipo shetani aliponipata, wanangu, tena hakuniletea chuki, aliniletea huruma, ndiyo maana sikumtambua.

Kila siku saa nne, mkwe akishakwenda kazini, nilifunga bucha kwa muda, nikaja hapa na supu ya mifupa kwenye chupa ya chai, pamoja na maini niliyoyakata madogo kama punje za mahindi. Kidonge cha saa nne alikuwa ndiyo kwanza amekimeza. Ninamwambia, "Kunywa, mke wangu, dawa ndiyo hii." Ananitazama kidogo, kisha anakunywa. Nikimuuliza kama ni tamu, anasema, "Tamu, baba watoto." Nami namwambia, "Usimwambie Majani." Hakumwambia.

Ikifika saa sita mama yenu ameganda katikati ya chumba, miguu imegomea sakafu, jasho linamtoka. Vifungo vikarudi kumshinda. Mkwe wangu alichanganyikiwa. Akaipitia karatasi yake mstari kwa mstari akidhani amekosea yeye, akarudi hospitali kuuliza, akarudi tena. Jioni moja alinijia kwa adabu, amepiga magoti, akasema, "Baba, samahani, hakuna mtu anayempa mama kitu mchana?" Na mimi, mnayeniona nasali bila kukosa, niliinua mkono huu huu nikasema, "Mungu ni shahidi yangu, hakuna." Nilimtaja Mungu, wanangu, kwa ajili ya chupa ya supu.

Haukupita mwezi, mchana, mama yenu alikuwa akielekea bafuni. Mguu ukakataa kwenye kizingiti, kiwiliwili kikaendelea. Nyonga ikavunjika. Siku ya kumi na tisa tukamzika. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu; mimi mkuu sikusikia la mdogo, na guu likavunjika la mwingine.

Daktari amenieleza kuwa ugonjwa huu huangusha watu kwa sababu nyingi, kwamba nisijibebeshe kifo kizima. Namshukuru kwa wema wake. Lakini uongo sikuubebeshwa na ugonjwa, na kilichofuata hakikuwa na daktari wala dawa.

Siku ya msiba uwanja umejaa watu, nilisimama kwenye mlango wa mbele, mlango aliouchonga seremala huyu kwa ajili ya harusi yake. Nikatupa nje furushi la nguo za mkwe wangu, nikasema kwa sauti niliyokuwa nayo wakati ule, "Huyu amemuua mke wangu kwa njaa. Mgonjwa anamlisha majani! Atoke kwangu." Watu wakaguna. Wewe seremala ulikuwa umeshika nyundo, ukaendelea kuishika. Sikulaumu, mtoto aliyelelewa kumwogopa baba hajifunzi ujasiri siku ya matanga.

Yeye aliinama kuokota nguo zake. Alipofika miguuni pangu akasema kwa sauti ndogo, ambayo hakuisikia mtu mwingine, "Baba, ile chupa ya chai nilikuwa naiosha mimi. Ilikuwa na mafuta." Kisha akajitwika furushi akaondoka.

Alijua! Angegeuka akapaza sauti pale, ningeaibika mimi. Akanisitiri. Nami nikamwacha aende na jina hilo mgongoni, na mtaa haukumsahau: hata leo akiitwa kupika kwenye shughuli za watu kuna mtu atasema, huyo si ndiye aliyemuua mkwewe kwa mboga? Ulimi hauna mfupa. Mimi niliyekata mifupa miaka arobaini nimekuja kukatwa na kisicho na mfupa.

Mwaka wa nne mkono wangu nao ukaanza. Nilipewa vidonge vile vile, na kwa ubishi nikavimeza na maini ya kukaanga. Siku moja bucha limejaa, kisu kiko juu, mama mmoja anangoja nusu kilo yake, nikaganda. Kisu hakishuki, mguu hauondoki. Yule mama akasema, "Mzee, unapiga picha?" Watu wakacheka, na mimi ndani ya gogo lile nikaelewa jambo lililonivunja, ambalo halijaunga mpaka leo. Nilielewa kwamba mama yenu alijua. Mwili hauhitaji kusoma karatasi. Kila siku, tangu ile ya kwanza, alijua kuwa supu yangu itamfunga miguu ikifika saa sita, na alikunywa, akasema tamu, kwa sababu mumewe mchinjaji amekuja mbio na chupa yake na uso wake wa furaha, naye hakutaka kuuzima. Nilimlisha kwa mapenzi, akala kwa mapenzi, na kati ya mapenzi mawili tukamkanyaga mtoto wa watu.

Binti yangu, bila kuniambia, alikwenda kwa wifi yake kumuuliza nile nini. Wifi angeweza kusema mpeni supu. Alichana karatasi ya daftari, akaandika saa zile zile, kwa mwandiko ule ule. Hiyo hapo ukutani. Miaka mitatu nimefunga vifungo vyangu kwa karatasi ya mtu niliyemfukuza. Naye akaagiza nisidanganyike kuwa mboga zinaponya, nisiache vidonge kwa ajili ya majani ya mtu yeyote, na kila mara niwaulize wa hospitali, kwa kuwa miili haifanani. Likimpata mmoja wenu, Mungu apishe mbali, shikeni maneno hayo, wala msimcheke anayewaambia.

Binti, nipe maji. Kidogo. Koo linakataa. Basi.

Juma lililopita nilimtuma binti huyu huyu akamwombe wifi yake aje nimwangukie. Rudia alivyojibu. Hapana, nitasema mwenyewe. Alisema, "Mwambie baba nimeshamsamehe, sikumwekea kitu moyoni. Ila mlango ule sipiti."

Ana haki.

Kwa hiyo sikilizeni, naona mkono umeanza tena, dawa inaniaga. Siku mtakayonizika watu watajaa kama walivyojaa ile siku. Mmoja wenu asimame pale pale niliposimama mimi, aseme kwa sauti wote wasikie: baba yetu aliapa uongo, supu ilikuwa yake, mkwe wake hakuua mtu. Msilainishe. Msiseme alikuwa mzee. Najua mtaona haya, na jamaa watawaambia marehemu hasemwi vibaya. Marehemu ndiye anayeagiza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nataka kinikute nimeshajiumbua. Yule asiyesema, asishike jeneza langu.

Bustani ni yake. Na mpapai. Njia ya kwendea ipite kando, asiombe ruhusa kwa mtu.

Seremala. Njoo karibu. Zaidi. Mlango ule uliuchonga wewe. Ung'oe. Leo, sasa, na fremu yake, pabaki uwazi. Najua si mbao alizozikataa, alinikataa mimi. Lakini mimi naondoka mwenyewe... mlango hauondoki bila mtu. Kisha wewe... si dada yako, wewe... nenda kwake ukamwambie mlango haupo. Usimwombe arudi kwako. Hilo ni lake. Mwambie haupo tu. Asipokuja, msimlaumu, wala msiurudishe. Na jeneza langu mlitoe pale pale.

Mungu awape... awape masikio, wanangu. Mikono mnayo. Awape masikio. Awabariki mkae na kupatana, mle pamoja, kila mtu kwa saa yake. Kitinda mimba, mizani. Binti yangu, Mungu akulipe, mimi sina... sina cha kukulipa. Mkisali, mtajeni mama yenu kwanza. Mimi nifuate nyuma.

Nishike mkono. Uache utetemeke.

Seremala yuko wapi... 

Ah. Huo. Msumari wa kwanza unang'oka.