Joto Tulilodhani ni la Tanuri

Waombolezaji wenzetu, majirani, wafanyakazi wa bekari, vijana wa jimu na nyote mliokuja kutusindikiza, familia inawasalimu na kuwaomba utulivu, waliopata viti wakae, waliokosa watuvumilie, kwa kuwa historia hii ni ndefu kidogo kuliko mlivyozoea, na anayeisoma ni dada mkubwa wa marehemu, ambaye tangu utotoni hakuwahi kumaliza maneno yake bila marehemu kumkatiza, na leo angetoa kila alicho nacho ili akatizwe.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1983, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya serikali, akiwa mtoto wa pili na kitinda mimba wa baba yetu, dereva wa lori aliyetutoka mwaka 2006, na mama yetu, muuza vitambaa, ambaye tunaye hapa mbele. Alizaliwa na uzito wa kilo mbili na ushei, mkunga akamtazama na kumwambia mama kwamba huyu wa kulishwa sana, na mama, ambaye kwa kawaida hashauriki, ushauri huo aliushika kama amri, hata mtoto alipofikisha miaka saba alikuwa mviringo, akitembea huku mapaja yakisuguana, na dada yake ndiye aliyetumwa kumtafutia kaptura za kumtosha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1990 hadi 1996, na sekondari kuanzia 1997 hadi 2000, akapata matokeo ambayo hayakumpa mtu sababu ya kuchinja kuku wala ya kununa, ila kote alikopita aliitwa Bonge, naye alikuwa akicheka pamoja na waliomwita hivyo, akicheka kuliko wote, na miaka mingi baadaye ndipo alipomwambia mkewe kwamba kicheko kile kilikuwa cha kujikinga.

Mwezi Februari 2001 aliajiriwa bekari kama mbebaji wa magunia ya unga, kazi iliyomkondesha tumbo na kumpanua mabega bila yeye kujua, akafundishwa kukanda, kisha kuoka, na mwaka 2009 akawa fundi mkuu wa tanuri, cheo alichokishika mpaka mwisho, na ninyi majirani ni mashahidi kwamba katika miaka hiyo yote mkate wa bekari ile haukuwahi kutoka umeungua chini. Mwaka 2004 rafiki yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alimchukua mpaka jimu iliyo nyuma ya gereji, yenye kioo kimoja kilichopasuka na vyuma ambavyo fundi huyo alivitengeneza mwenyewe kwa magurudumu ya mkokoteni, na marehemu alipojitazama kwenye kioo kile akaona mkono wake umejaa, alirudi nyumbani akaukunja mkono huo mbele ya dada yake, mbele ya mama, mbele ya mpangaji wa chumba cha pili, na angeukunja mbele ya ng'ombe kama tungekuwa na ng'ombe.

Ndoa yake ilifungwa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 2010, na mwanamke fundi cherehani, aliyefika bekari kwa mara ya kwanza akiwa amekasirika, amebeba mkate mbichi katikati, akamkuta marehemu, aliyemwomba radhi kwa urefu usio wa kawaida, mpaka hasira zikamwishia mlangoni, na kesho yake akarudi bila mkate wowote wa kulalamikia. Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2012, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 21 Novemba 2016, na mke ndiye aliyemshonea chupi za mashindano, akidai kwamba katika maisha yake ya ushonaji hajawahi kupokea kazi yenye kitambaa kidogo na masharti mengi kiasi kile, na binti ndiye aliyempaka mafuta mgongoni kabla ya kupanda jukwaani.

Alianza kushindana katika kutunisha misuli mwaka 2015, na hapo ndipo mtaa mzima ulipoingia katika mlo wake, maana asubuhi alikula ute wa mayai, mchana ute wa mayai na kuku wa kuchemsha asiye na chumvi, jioni ute wa mayai tena, na kwa kuwa hakuvumilia kuona chakula kinatupwa, viini vyote alivipeleka kwa majirani katika mabakuli ya bluu, mkakaanga, mkapika keki, mkawapa watoto, ninyi mkanenepa huku yeye akikonda, na ndiyo maana humu ndani wengi wenu hamlijui jina lake la cheti, mnamjua kama Baba Viini. Siku nzima alisimama katikati ya mikate ya moto, akaunusa mmoja, akaurudisha, na alipotaniwa alisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kila asubuhi baada ya mashindano alikaa kizingitini na mkate mzima na siagi, akaumaliza peke yake kwa furaha ambayo hata harusini hatukuiona.

Alishika nafasi ya pili mwaka 2017, ya pili mwaka 2019, na ya pili tena mwaka 2022, na mwaka huo jaji mmoja alimwambia kwa upole kabisa kwamba amejaa vizuri kila mahali, ila kiunoni bado kuna mafuta kidogo. Alirudi na kulisimulia jambo hilo kama kichekesho, tukacheka naye, lakini neno lile lilimkaa, akawa akipita kwenye mlango wa kioo wa bekari anajifinya ubavuni, na mwaka huu, alipokuwa na miaka arobaini na mmoja, alimwahidi mkewe kwamba mashindano ya tarehe 26 Oktoba 2024 ndiyo ya mwisho, ashinde asishinde, kisha atakula kama watu wengine. Kushinda alikutaka mno, tusifiche, alitaka watoto wamwone mara moja tu akiwa wa kwanza.

Mwanzoni mwa Septemba alianza kumeza vidonge vya njano vya kuyeyusha mafuta, vilivyouzwa kwa simu, ndani ya mfuko usio na maandishi, na hapa familia inaomba msikilize vizuri. Vidonge vile humpandisha mtu joto kutoka ndani na kumtoa jasho la njano, na mtu mwingine yeyote angeulizwa siku ya kwanza kwa nini anatiririka jasho, lakini huyu alikuwa fundi wa tanuri, miaka yote tulimwona ameloa, kwa hiyo wenzake kazini walimsogezea feni, dada yake akamletea taulo mpya na utani juu yake, mama akasema bekari wapanue madirisha, na mkewe, alipoona madoa ya njano kwenye fulana na mashuka, aliyasugua kwa sabuni akinung'unika kuhusu viini, kama alivyonung'unika kwa miaka tisa, na marehemu mwenyewe, alipokosa pumzi akipanda ngazi tatu za nyumbani, alisema ni njaa ya mashindano. Hakuna aliyekuwa mjinga katika nyumba hii, ila jambo la kawaida huficha lisilo la kawaida.

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba 2024, saa tano asubuhi, aliketi juu ya magunia ya unga na kusema tanuri la leo ni kali, wakati tanuri lilikuwa limezimwa kwa usafi tangu saa tatu, na hapo ndipo wenzake waliposhtuka, wakamkimbiza hospitali, ambako madaktari na wauguzi walimzungushia barafu na kumpambania bila kuchoka, wakatueleza kwa huruma kwamba vitu vile havikutengenezwa kuwa dawa ya binadamu, na kwamba hakuna dawa ya kuvizima vikishawaka mwilini. Kipimo cha joto kiliendelea kupanda, na Jumanne, tarehe 15 Oktoba, saa mbili asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mkewe, alitutoka.

Katika kikao cha familia, mjomba wetu, kwa nia njema, alishauri tusome tu kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, kama inavyosomwa kila mahali, heshima ikahifadhiwa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba yeye ameshaumbuka tayari, hana kingine cha kuficha, lakini vijana watakaobeba jeneza hili wana mashindano Jumamosi ijayo, na mifuko kama ule bado wanayo, kwa hiyo isomwe yote au asisome mtu.

Tunasema pia, kwa ridhaa yake mwenyewe, kwamba aliyeagiza vidonge hivyo ni rafiki yake fundi wa kuchomelea, aliyeagiza vyake na vya marehemu pamoja, akameza naye, na ndiye aliyewaambia madaktari ukweli kabla hawajamuuliza, kisha akaja kwa mama kupiga magoti. Mama alimwinua, akamketisha, akamwekea chakula, akasimama juu yake mpaka akala, kwa kuwa anasema mtoto mmoja aliyekufa kwa kutaka kukonda anamtosha. Familia haimtafuti mchawi, fundi huyu ni ndugu yetu, atabeba jeneza upande wa kichwa, na atakayemnyooshea kidole atunyooshee sisi kwanza.

Jirani yetu muuguzi ameketi pale karibu na lango, yule mwenye sweta la kijani, na kama kuna kijana amemeza kitu kile, au ana jasho lisiloeleweka, au moyo unamwenda mbio, amfuate, hataulizwa jina wala hataitiwa mzazi, na asingoje tumalize kuzika, anyanyuke sasa hivi, tunamsubiri, na marehemu hatakasirika kuachwa katikati ya historia yake.

Tunaona wawili wamenyanyuka, na sasa wa tatu. Asanteni, wanetu, na ninyi wengine wapisheni wapite.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, wafanyakazi wa bekari waliofunga milango siku tatu, majirani mliorudisha mabakuli yakiwa yamejaa chakula, na nyote mliotoa gari, viti, maji na mabega ya kulilia, hatuwezi kumtaja kila mmoja, lakini hakuna tuliyemsahau.

Nawe, mdogo wangu, kiuno kile walichokikosoa ndicho watoto wako walichokikumbatia kila ulipotoka kazini, kwa kuwa mikono yao haikufika juu zaidi, na hawakuwahi kukiona kina kasoro. Ulitutosha. Pumzika kwa amani.